Mla Usiku

Mwalimu Wiesława alituuliza jioni ile ya Januari,
theluji imeziba madirisha ya chini:
"Shule imelala, lakini bado inakula.
Nani huyo mla usiku?"

Tulikuwa sita. Mimi, Jagna, Ksawery mwenye miwani,
mapacha wa Kowolik,
na Oliwier, aliyefuata biskuti.
Tukapewa tochi, daftari, na ruhusa ya kukesha.

Mita ilikaa chini ya ngazi, nyuma ya mlango wa chuma,
kisahani chake kikizunguka, kikizunguka,
kama mtu anayehesabu deni la mwenzake.
Babu yake Ksawery alichimba makaa miaka ishirini na tisa
chini ya uwanja wetu huu huu;
nyufa za ukutani, alisema, ni shimo linapiga miayo.
"Kila mzunguko mmoja, kijiko cha makaa."
Tangu hapo sikuweza kukitazama bila kumeza mate.

Saa nane za usiku tukaanza kuzima.

Kabati la ushindi: taa nne zikiangaza
kikombe kimoja cha mpira wa wavu,
cha mwaka ambao hata mmoja wetu hakuwa amezaliwa.
Zima.
Jokofu la soda, likinguruma ukumbini peke yake,
likipoza chupa tatu za maji
ambayo nje, kizingitini, yangeganda bure.
Zima.
Feni ya jikoni, ikivuta moshi wa supu ya juzi.
Zima.
Pampu ya upande wa mashariki
ilipeleka maji ya moto kwenye vyumba vilivyohamwa paa lilipovuja,
viti vikiota moto miguu juu.
Hiyo tuliipunguza tu. Mabomba yangepasuka.

Tangi la samaki, Jagna alisimama mbele yake, mikono kiunoni.
"Huyu hakuomba kuletwa Silesia."
Tukaandika: samaki, wati arobaini, anasamehewa.

Kila tuliporudi, kisahani kilikuwa kimechoka kidogo.
Lakini saa kumi hesabu ilikataa.
Wati elfu moja na mia mbili, hazimo kwenye orodha,
hazina jina, zinakula.

Tukaufuata waya.
Ulipita nyuma ya bohari ya ramani,
ukashuka ngazi nisizojua kama zipo,
ukajipenyeza chini ya mlango wenye mwanga wa rangi ya chungwa.

Bwana Erwin, mchochea tanuri, alikuwa ameketi kitandani
na koti lake, na soksi mbili mbili,
hita ndogo miguuni, picha ya mkewe juu ya redio.
Shati la Jumapili lilining'inia kwenye bomba.
Mtu haaniki nguo mahali anapopita tu.

Kimya.
Kisha akainama mwenyewe, akaing'oa plagi.
"Kwangu upepo unaingia bila hodi," alisema,
"na makaa, mimi ninayeyachoma kutwa, siyamudu."
Waya wa hita ulianza kufifia, wekundu, kahawia, kijivu.
Sote tuliutazama. Ilikuwa rahisi kuliko kumtazama yeye.

Mwalimu ndiye aliyeirudisha plagi ukutani.
Akaomba kalamu.
Daftari ninalo hadi leo, limelowa chai pembeni,
na mstari wa kumi na nne ni mwandiko wake:
samaki wa pili. Anasamehewa.

Mwaka uliofuata mafundi walikuja,
wakazivisha kuta za shule magodoro ya kuzuia baridi,
wakalitoa tanuri vipande vipande kupitia dirishani.
Mabaki ya magodoro yalirundikwa uani kungoja kutupwa.
Hayakutupwa.
Tuliyapakia kwenye toroli lenye gurudumu linalolia,
tukayasukuma kupanda kilima hadi nyumba namba kumi na moja,
Mwalimu mbele na ngazi begani,
Oliwier nyuma kabisa, akiuliza
kama huko tuendako kuna biskuti.