Kile cha Kukorogea

Saa tisa za usiku, Kurasini. Taa za yadi zinawaka
kama mtu aliyekasirika akasahau sababu.
Usiku wa nne huu. Makontena yamebebana matano matano,
nami chini yake na ubao wangu, kalamu, kikombe.
"Chande," nasema, "hebu nipe kile..."
Neno halipo.
Kitu chenyewe nakiona: kina mkia, kina kichwa cha duara,
mama alinipimia kwacho dawa ya kifua,
nilikichimbia mchanga, nikachapwa.
"Kile cha kukorogea," nasema mwishowe,
na Chande ananitazama kama tairi linalotoa upepo.
Anakoroga mwenyewe. Hasemi kitu.

Kikombe cha kwanza kilikuwa saa nne.
Kilikuja na baraka zake: namba zikajipanga,
herufi nne, tarakimu saba,
nikazisoma redioni kwa sauti ya mtu aliyetoka kuoga.
Cha pili, saa saba, kikanipa saa moja tu.
Hiki cha tatu kimenipa vidole vinavyotetemeka
na moyo unaobisha hodi kwenye mlango ulio wazi.
Kahawa hailipi deni, hilo nimeshalijua.
Inasimama mlangoni na kumwambia mdai: hayupo, katoka.
Mdai anaketi barazani. Ana subira. Anahesabu.

Usingizi hauji kwa miguu. Unadokoa:
nusu dakika hapa, nimesimama, macho wazi,
kreni iko juu,
kreni iko chini,
na sikuiona ikishuka.
Nani aliyetia vema kwenye mistari hii mitatu?
Mwandiko wangu. Wino wangu.
Mimi sikuwepo.

Halafu anakuja Mwinshehe, wa semi ya Tunduma,
karatasi kaishika kwa ncha mbili kama samaki aliyeanza kunuka.
"Karani, hii uliyoniandikia si namba ya kontena.
Hii ni simu."
Nacheka. Natazama. Sifuri, saba, na nyingine nane
zimekaa sawasawa, mwandiko mzuri kuliko wote wa usiku huu.
Ni namba ya Sikujua, dada yangu wa Kiwalani,
ambaye tangu mfungo uishe namwahidi: kesho nitakupigia.
Namwomba Mwinshehe radhi. Nakata, naandika upya,
nakosea tena, sita mahali pa tisa.
Basi ananisomea yeye, tarakimu moja moja, polepole,
kama mwalimu wa darasa la kwanza
aliyemwonea huruma mtoto wa watu.

Saa moja asubuhi niko Mbagala, kitandani,
na sasa ndipo kahawa inapokumbuka kazi yake.
Mwili umezima taa, umefunga madirisha,
yenyewe inazunguka ukumbini na ufagio.
Jirani anakwangua ukoko. Kipaza sauti kinapita mtaani:
dawa ya panya, mende, kunguni, viroboto,
nami nahesabu pamoja nacho, siwezi kuacha kuhesabu.
Msimamizi alisema ni wiki moja tu, mpaka meli iishe.
Meli haiishi. Ikiisha hii,
nyingine iko nje inangoja gati.

Naipapasa simu chini ya mto. Inaita.
"Umelala?" Ndilo neno lake la kwanza, hata salamu hana.
Nataka kumwambia kuhusu Mwinshehe na karatasi yake,
kwamba namba yako, dada, nusura isafiri hadi mpakani
na tani ishirini na sita za vigae,
lakini mdai amenyanyuka barazani, amesukuma mlango,
kumbe haukuwa hata na komeo,
na kabla sijazama, kutoka nyuma kabisa,
bila kuitwa na mtu,
linakuja na mkia wake na kichwa chake cha duara:
kijiko.

"Nini?" anauliza Sikujua. "Kijiko gani?"