Subana

Ejler aliingia kutoka shambani kwa Thorkild
magoti yote mawili udongo.
Viazi sukari vilikuwa vimeng'olewa wiki ile,
ardhi ya Lolland iko wazi, nyeusi, bapa
kama meza baada ya mgeni kuondoka.
Hakuvua buti. Hakusalimu.
Alifungua kiganja juu ya mkate wangu:
"Tazama."

Miaka sita anatembea na kile kigunduzi,
akikipeleka kushoto, kulia,
kama mtu anayefyeka majani asiyoyaona.
Miaka sita ya vifuniko vya bia,
maganda ya risasi za wawinda bata,
nati ya trekta aliyoipoteza babake Thorkild
akaitukania siku nzima.
Mimi navipanga dirishani, navipangusa vumbi,
sisemi neno. Mume aliyefungiwa kiwanda cha meli
akiwa na miaka hamsini na minane
lazima apate kitu cha kuinamia.

Safari hii kililia tofauti, alisema.
Si ule mkwaruzo wa chuma;
sauti nyembamba, ya juu,
kama ya mtoto anayemwita mwenzake nyuma ya ukuta.

Subana. Ya shaba, imeota kijani,
haizidi kokwa ya plamu.
Vishimo vyake vimegongwa kwa mkono, kimoja kimoja,
vikaanza pembeni kwa mstari ulionyooka,
vikazunguka vikipanda, na karibu na utosi
fundi alichoka, au njaa ilimwita:
vikaenda mrama.

Tukaipeleka makumbusho. Kijana Asbjørn, mwenye mafua,
akaitia chini ya lenzi:
miaka mia sita, labda na ushei.
Wanazo arobaini za namna hiyo sandukuni.
Akatuandikia karatasi, akaturudishia.

Njia nzima Ejler alisimulia.
Bibi wa ngome, mwenye ushungi wa kitani,
alikuwa akidarizi dirishani ikamponyoka;
watumishi watatu na mishumaa
wakaitafuta mpaka alfajiri, naye akilia.
Machozi yalimlenga Ejler mwenyewe,
pale tuliposimamishwa na taa nyekundu.

Sikutaka kumkatia uzi.
Lakini mimi nimeshona glavu miaka thelathini na mmoja,
ngozi ya mbuzi, ngozi ya paa,
na najua subana inavyokufa.
Nikamwambia: iinue, itazame mwangani.
Utosini pana tundu.
Si kutu, Ejler. Kutu hula kama panya, huacha kingo zimeparara.
Hapa pamesukumwa kutoka nje kuingia ndani,
mahali palepale, maelfu ya mara,
mpaka siku shaba iliposalimu amri
na kitako cha sindano kikaingia nyamani.
Haikupotea. Ilitupwa.

Mwenyewe nimetupa kumi na moja.
Hakuna aliyewasha mshumaa.
Unanyonya damu, unatukana kwa sauti ya chini
msimamizi asisikie,
unaomba nyingine, wanakukata mshahara.
Hii ilikwenda na majivu, na miba ya samaki,
na samadi, ikapakiwa mkokotenini,
ikamwagwa shambani
na mtu aliyekuwa akiwaza mvua.

Alinyamaza. Alichukia kidogo, niliona shingoni.
Kisha, kama anayeuliza njia:
"Kwa hiyo alikuwa hodari?"

Alikuwa hodari. Au alikuwa na deni.

Nilipokuwa peke yangu nilijaribu kuivaa.
Kidole cha kati ikakataa, cha pete ikakataa,
ikakubali cha mwisho, tena kwa shida.
Miaka kumi, kumi na miwili.
Hilo sikumwambia.

Usiku ule koti lake lilikosa kifungo.
Nikatia uzi, nikasukuma kwa kidole hicho kidogo,
na sindano ikaenda moja kwa moja tunduni
kama ng'ombe anayejua zizi.
Nikanyonya damu.
Nikatukana, kwa sauti ya chini.