Daftari la Bi Mwanakheri

Lilikuwa daftari la shule, jalada la bluu,
mgongoni jedwali la kuzidisha hadi kumi na mbili,
na Bi Mwanakheri wa Barabara ya Kumi na Tano
aliliweka juu ya kabati, mbali na mikono midogo.
Saa kumi na mbili na nusu, Ngamiani haijaamka sawasawa,
nilimkabidhi Salha na tongotongo zake,
nguo ya kubadili,
na elfu mbili iliyokunjwa mara nne.
Aliandika: *Salha, kaja. Ana mafua kidogo.*
Nami huyo, baiskeli hadi kiwandani,
kufungasha maziwa ya watoto wa watu.

Walikuwa kumi na mmoja kwenye mkeka mmoja.
Sikuwahi kujiuliza mikono miwili inawatoshaje.
Nilikuwa nalipa. Mlipaji haulizi.

Ikaja Machi ile.
Shule zikafungwa, redio ikatuambia tukae mbalimbali,
ndoo ya maji tiririka ikasimama mlangoni kwa Bi,
sabuni imefungwa kamba isije ikatembea.
Nesi wa Bombo ndiye wa kwanza kuondoa mapacha wake:
si kwamba alimwogopa Bi,
alijiogopa mwenyewe, na alichotoka nacho wodini.
Mimi nilijikaza hadi Ijumaa.
"Bi, wiki mbili tu."
"Wiki mbili, mwanangu. Kikombe chake kitamngoja."

Kiwanda hakikufunga; ng'ombe hajui karantini.
Aliyerudishwa nyumbani ni Mbaraka, mume wangu,
hoteli yao ya Raskazone haina mgeni hata wa dawa.
Basi akalea.
Siku ya kwanza aliunguza uji, na sufuria nayo.
Siku ya thelathini alisuka mabutu mawili,
moja likitazama Pangani, jingine Horohoro.
Majirani wakacheka: "Mbaraka kawa yaya!"
"Yaya hulipwa," akawajibu. "Mimi ananilipa nani?"

Usiku nikapiga hesabu gizani:
elfu mbili, mara siku ishirini na sita.
Hamsini na mbili elfu. Na nilivyokuwa nikinung'unika!
Pembeni yangu mwanamume wa kubeba masanduku ya watalii
amelala na viatu, saa mbili usiku,
kamalizwa na mtoto mmoja.

Kumi na mmoja, nikawaza.

Shule zilipofunguliwa nilikwenda kwa Bi, sina haraka.
Kwenye mkeka pamekaa ungo wa kunde;
vikombe vya watoto, vyekundu, vya kijani,
vimekuwa vipimo: kimoja mia tano.
Akashusha daftari bila kuulizwa.
*Salha, hakuja. Salha, hakuja.*
Ukurasa baada ya ukurasa, majina yote kumi na moja,
Jumapili tu zimerukwa, na Idi.
"Ulikuwa unaandika ya nini, Bi?"
"Nisingeandika, ningesahau kwamba nina kazi."

Nilikuwa na elfu kumi kwenye pindo la kanga.
Deni lile halikuwa na jina:
siku ambazo hakulea, ila alishika nafasi.
Nikampa, akaipokea bila kuihesabu,
na hilo lilinichoma kuliko angekataa.
Kisha, uso wangu ukiwa kwenye ungo, nikamwambia:
"Nitamleta siku tatu tu kwa wiki.
Siku nyingine babake yupo."
Nesi alishamleta mama yake kutoka Lushoto.
Mwalimu kapata binti wa kazi, wa Handeni.
Wengine hawakusema kitu, waligeuza njia tu,
wakawa wanapitia Barabara ya Kumi na Sita.
Waliorudi ni wanne.
"Tatu si haba," alisema Bi, akachora mistari upya.

Jumatatu nikamleta.
Nilidhani atamkimbilia, kama zamani.
Salha alisimama kizingitini, mbele ya ndoo,
akanyoosha mikono yote miwili, vidole wazi,
akangoja kumwagiwa maji.
Bi akafungua koki. Akamfuta kwa kanga yake mwenyewe,
kidole kimoja kimoja, nami nimeshachelewa kazini.
Halafu akatafuta kalamu:
*Salha, kaja. Kasukwa na babake.*