Vikombe Saba

Zamu yangu huisha saa nne,
saa isiyo na jina mezani:
chai ishapoa,
mchele wa mchana bado uko kwenye ungo.

Usiku kucha nakaa mapokezi, Shangani,
na rundo la ramani na kalamu nyekundu.
Wageni huuliza wapi pazuri pa kula,
nami nazungusha duara:
hapa pweza, hapa juu ya paa,
hapa kahawa ya povu na yai juu ya parachichi.
Miaka minne ya maduara.
Sijakaa ndani ya hata moja.

Nyuma yangu hupangwa meza ndefu,
nanasi limechongwa likawa ua,
mkate umekatwa mwembamba kama barua.
Mimi hutoka kwa mlango wa taka,
njaa imenikalia begani kama mtoto.

Mwanzo niliuliza, kama wao.
Nassor wa ulinzi akaapa kwa urojo wa Jang'ombe.
Urojo saa nne? Muuzaji ndio kwanza anamenya viazi.
Mpishi wetu akanituma Darajani, kwenye supu;
nikakuta mfupa na samahani.
Khelef wa teksi akasema Malindi, maharage ya nazi.
Nikaenda. Nazi ilipita mbali, ikapunga mkono.
Wiki tatu nilikula mandazi ya jana
nikitembea, nisionekane nakula.

Kisha mvua ya vuli, Mwembetanga.
Nikajibanza ukutani,
na ukuta ukanukia iliki.
Hakuna kibao. Pazia tu la khanga iliyochujuka,
maandishi yake nusu yameliwa na jua:
MGENI NJOO,
kilichobaki nyuzi.

Ndani, mabenchi mawili, jiko la mkaa,
na Bi Kazija, amekunja uso
kama anayekagua deni la mtu mwingine.
"Mmoja?"
"Mmoja."
Hakuniuliza nataka nini. Hakuna cha kutaka:
chila za moto zenye matundu,
mbaazi zilizolala na tui usiku mzima,
na siku akipenda, samaki wa kupaka, mkia tu.
Hufungua saa nne, akishapeleka wajukuu skuli.
Hufunga unga ukiisha.
Vikombe vyake saba.
Wa nane husubiri kwa miguu,
akitazama midomo ya wenziwe.

Kosa langu lilikuwa Shuwekha wa usafi.
Nilimwambia mmoja. Naye akamwambia mmoja.
Ijumaa ile nilikuwa wa kumi na moja,
nikala harufu.
Tangu hapo nasema uongo, na kwa ufundi:
"Pita msikiti, kata kulia, utauona mchungwa."
Mchungwa haupo.
Mungu anisamehe, mji huu una misikiti mingi
na kulia kwingi.

Juzi alfajiri akashuka Bi Ummulkheri, chumba cha tisa,
kutoka Mombasa, buibui limepigwa pasi.
Nikakunjua ramani, nikafungua kalamu.
Akaweka kiganja juu ya karatasi,
akaufunika mji mzima, na maduara yake.
"Haya ya wageni nayajua.
Wewe mwenyewe hula wapi?"

Kalamu ikasimama.
Miaka minne, swali hilo halijapita juu ya meza hii.
Nikaanza na msikiti. Nikakata kulia.
Mchungwa ukanikwama kooni
kama mwiba wa tasi.
Nikatazama saa. Nikatazama rafu ya hoteli,
vikombe vyeupe, labda mia mbili,
vimelala kifudifudi.

"Ningoje mpaka saa nne, bibi," nikamwambia,
nikamtilia kimoja kwenye mkoba wake.
"Tutatokea mlango wa taka."