Kona ya Kilometa Arobaini na Moja

Babu Kalasa alishika ncha ya mnyororo.
Si ule wa shingoni, alisema bwana mpimaji,
huu ni wa kupimia.
Babu alikuwa amewahi kubeba yote miwili.
Uzito, alituambia, ni ule ule.

Walitoka Elizabetivili asubuhi ya ukungu,
Likasi ingali inaitwa Jadovili,
na katikati hakukuwa na kitu, ilisema ramani.
Katikati kulikuwa na mihogo ya watu,
visima, jando, mkwe anayedaiwa mbuzi,
vichuguu virefu kuliko kanisa.
Vichuguu vikakatwa kama mkate,
udongo wake ukatwangwa ukawa njia.
Ujira: chumvi, samaki wa makayabo, na risiti ya kodi.

Mstari ulinyooka siku kumi na tisa
hadi kichuguu kimoja,
chenye mti wa musuku kichwani.
Chini yake alilala Mwape,
shangazi yangu, aliyeishi miezi minne.

Babu akaingia kichakani na ncha yake,
akahesabu hatua thelathini kushoto,
akapaza sauti:
Bwana, tupite huku! Pale kuna maji chini.
Mpimaji alikuwa na homa, tena anataka chai.
Akachora kona.

Bendera zikashuka, nyingine zikapanda.
Mvua ikaila lami kidogo kidogo kama panya,
mpaka safari ya saa mbili ikawa ya siku mbili,
na madereva wakapika bukari kando ya mashimo.

Kisha wakaja wajenzi wapya,
na mitambo inayoona mbali, yenye macho ya kioo.
Baba yangu, Ngosa, akapewa bendera nyekundu na kofia ya plastiki.
Kona hii ya nini? Ardhi ni tambarare.
Baba akatazama viatu vyake.
Kuna maji chini, alisema.
Wakaiacha.

Mimi niko payaji.
Nakata tikiti, nainua mti, nashusha mti.
Kamio za shaba zinapita usiku kucha
na kila dereva ana tusi lake kwa ile kona.
Mwaka juzi mmoja haikumwacha apite.
Tshilomba, kijana wa Likasi,
alikuwa akinidai chenji ya franki mia tano.
Nilikwenda kulipokucha.
Vibao vya shaba vimetapakaa majanini vikimetameta,
kiatu kimoja,
na musuku ule umezaa sana mwaka ule.
Nilichimba kwa vidole, kiganja kizima.
Udongo mkavu.
Mkavu kabisa.

Jumatatu wanakuja wengine na kalamu zao.
Wameambiwa wamuulize mama wa payaji,
ukoo wake umeijua barabara tangu mwanzo.
Nimekaa na jibu mdomoni
kama kokwa ya musuku,
silitemi, silimezi.
Kamio inapiga honi.
Nainua mti.