Kifungo

Kila Julai, mlima ukiwa umejifunika gubigubi
na soko la Kiborloni likitetemeka kwa baridi,
Mzee Ndesario huniletea kaunda suti ileile ya kijivu.
Siku ya Mashujaa imekaribia.
"Fundi, punguza."
Nami napunguza.

Mimi vita sikuviona.
Nilizaliwa mwaka wa foleni za sabuni,
vita vimekwisha, na sukari imekwisha.
Ninachokijua nimekijua kwa futi yangu ya shingoni:
kiuno thelathini na nne, thelathini na moja,
ishirini na nane.
Nchi humkumbuka mara moja kwa mwaka
na kila mwaka humkuta amepungua.

Hasimulii. Wauza mitumba wakimchokoza,
"Mzee, tuambie basi mlivyomfukuza nduli,"
hujibu, "Tulitembea."
Basi. Tulitembea.
Siku moja tu, mvua ilipomfungia chini ya bati langu,
aliongeza: "Viatu vilituozea miguuni."
Akacheka,
kana kwamba viatu ndivyo vilivyoshindwa vita.

Lakini kuna kifungo.
Cha kijani, ukingo umemeguka, matundu manne;
si cha suti ile, wala sijaona mwenzake sokoni hapa.
Hukaa kwa ndani, nyuma ya mahali pa nishani,
na kila Julai huniambia nikikaze upya.
"Usikaze sana. Chinduli hapendi kubanwa."

Ndivyo nilivyolipata jina, kidogokidogo,
kama mtu anayelipwa deni kwa sarafu.
Chinduli, kijana wa Newala, mkoromaji.
Kifungo cha shati lake kilikatika usiku mmoja kabla ya Lukaya,
na mwenye sindano katika kikosi alikuwa Ndesario,
kibarua wa kukoboa kahawa aliyepewa bunduki.
"Nipe. Nitakushonea asubuhi."
Akakitia mfukoni.
Asubuhi ilifika.

Mwaka huu Julai ilipita bila yeye.
Amekuja Agosti, na fimbo,
mkononi bado kibandiko cha sindano ya KCMC.
"Kule wodini kuna nesi. Kifuani kaandikwa Chinduli."
"Ni wa ukoo uleule?"
"Sikumuuliza."
"Mzee, akina Chinduli ni wengi."
"Wengi," akasema. "Hata sisi tulikuwa wengi."
Kisha: "Kifungue."

Nikaingiza ncha ya wembe.
Uzi mweusi wa mwaka jana ukakatika,
chini yake wa kahawia,
chini yake mwekundu, wa ule mwaka nilioishiwa nyuzi
na yeye hakulalamika;
chini kabisa, uzi mnene wa kijani
ambao sikuutia mimi,
mishono mikubwa, imepishana,
kazi ya mtu anayeshona gizani na kuahidi asubuhi.
Huo nilishindwa kuukata.
Akachukua wembe, akaukata mwenyewe.

Kifungo cha miaka arobaini na sita.
Pale kilipokuwa kitambaa kimebaki cheusi,
rangi aliyoinunua dukani akiwa na kiuno.
"Niweke kiraka?"
"Acha."
"Kufungua ni bure, Mzee."
Aliweka elfu mbili juu ya cherehani, kama kawaida yake.

Kule mjini, katikati ya mzunguko wa magari,
yuko askari wa sanamu na bunduki yake.
Watu humpigia picha.
Hajawahi kuja kwangu; yule hapungui.

Nilitaka kumwitia bodaboda. Akakataa.
Alishika njia ya hospitali, akitembea,
fimbo mkono wa kushoto,
na ule wa kulia ameufumba
kama mtoto aliyetumwa dukani
akaambiwa, chunga, usiipoteze.