Kiu ya Skuta

Bausi aliileta jana alasiri, kwa kigari cha matairi mawili,
skuta ya bahari, ya njano, ubavu umechubuliwa na matumbawe.
"Hii yanywa maji, fundi. Tena yachemka."
Nikamwambia achague moja.
"Wallahi yote mawili," akasema, akaenda kuswali,
akaniachia ufunguo na kamba yake nyekundu.

Ndivyo zilivyo hizi.
Bahari yote ya Nyali imezizunguka
nazo zinakufa kwa kiu,
au zinanywa kwa mdomo usio wao
zikazama kimya, matako kwanza.

Nilianza uvunguni, penye wavu wa kuvutia maji.
Mwani. Mshipi wa nailoni. Kisha Tsuma akachomoa
kanda ya kandambili, ya buluu, ya mtoto.
Akacheka mpaka akakaa chini.
Mimi pia nilicheka. Nikadhani kazi imekwisha.

Haikwisha. Tuliishusha ufuoni, dakika kumi,
king'ora kikalia,
na tumbo lilikuwa na maji ya kufulia kanzu.

"Vizibo," Tsuma akasema.
Nikavifungua, nikavipaka grisi, nikavirudisha. Sivyo.
Tukaijaza tumbo kwa ndoo za bahari, tukachuchumaa nje
tuone ngozi itatoa jasho wapi.
Haikutoa hata tone. Mpira wa shafti, mzima.
Tukayakamua maji yote kwa matambara, mpaka pakavu,
na muadhini wa Magharibi akatukuta tungali hatujui.

Leo asubuhi nikaagiza maji matamu.
Hapa Mkomani bomba hutoka Alhamisi, likipenda.
Mulwa akasukuma mkokoteni kutoka Kongowea, mitungi sita,
akauliza nani anaoga.
Nikamwonyesha.
Akaitazama skuta, akanitazama mimi,
akahesabu pesa zake mara mbili.

Tukainua pipa juu ya meza, tukafunga mpira.
Tsuma akashika koki. Nikamkamata mkono.
Washa kwanza, ndipo ufungue maji.
Funga maji kwanza, ndipo uzime.
Nimemwambia mara ngapi?
Injini iliyolala ukiinywesha, maji hurudi kwa njia ya moshi
yakaijaza kifua.
Mgonjwa halishwi uji usingizini.

Ikanguruma. Kitundu cha ubavuni kikatema uzi wa maji,
mwembamba mno, mkojo wa mzee.
Yanaingia mengi, yanatoka haya. Mengine yako wapi?

Tulipozima, nikatumbukiza kidole tumboni mwake
nikakiweka ulimini.
Tsuma akakunja uso.
Lakini ulimi ni kipimo kisichotaka betri:
ya chumvi, yametoka nje, ni bahari imepenya;
ya tamu, ni yetu wenyewe, yamevuja ndani.

Yalikuwa tamu.
Tamu kama mtungi wa Mulwa.

Nikapitisha mkono nyuma ya ekzosi, pasipoonekana,
pale mafundi wenye vidole vinene hukata tamaa.
Kibano kimeoza. Chini yake mpira umepasuka,
ufa kama kucha ya kidole cha mwisho.
Maji ya kuipoza injini yalikuwa yakimwagika tumboni:
huku inaungua, huku inazama.
Bausi alisema kweli. Yote mawili,
na ugonjwa mmoja.

Nimekata mpira mpya, nimeweka vibano viwili vya chuma kisichoshika kutu.
Uzi wa ubavuni sasa unafika hadi ukutani.
Tsuma amenawa uso kwa uzi huo, mpumbavu, na grisi yote ile.

Umebaki mtungi mmoja. Nimeubeba kwa bodaboda hadi Bombolulu,
nimeukumbatia mapajani.
Mama ameweka ndoo chini ya bomba tangu juzi
na ndani ya ndoo mna buibui.
"Haya ya wapi?"
"Ya injini."
Akayaonja kwa ncha ya ulimi, kama mimi,
sikujua kwamba nilimwiga yeye.
Akabandika chai.
"Imepona?"
Nikamwambia imepona, ila Bausi bado hajalipa.